Usimfutie twiga wake wa bluu: Tengeneza naye pambo la kitambaa likizo hii

Mtoto wa miaka sita amelala kifudifudi kwenye mkeka, penseli mkononi. Anachora twiga. Shingo imepinda kama mpini wa mwavuli, macho yote mawili yako upande mmoja wa uso na mwili umejaa madoa ya bluu. Mzazi anapita, anatupa jicho, anacheka: "Twiga gani huyu?"

Mtoto anachukua kifutio. Akianza upya, hachori tena twiga. Anachora nyumba, jua na bendera, vile vile alivyoona ubaoni shuleni.

Hakuna aliyekusudia ubaya, na nyumba nyingi zimeliona tukio hilo. Lakini mtoto amejifunza jambo moja mchana huo: kwamba kuna jibu sahihi hata kwenye mchezo, na kwamba yeye amelikosa.

Likizo inapofika na simu ya mzazi inaanza kugombaniwa, ipo kazi ya mikono inayoweza kumrudisha twiga yule. Ni kutengeneza pambo la ukutani la kitambaa. Mnyama wa kuchekesha anachorwa na kupakwa rangi juu ya kitambaa, kisha kitambaa hicho kinawekewa pamba na kitambaa kingine chini yake, na tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Wazee wa pwani walikuwa na neno la nguo ya namna hiyo yenye pamba katikati: mfarishi.

Si kazi ya saa moja, na hilo ndilo zuri lake. Ikifanywa kidogo kidogo inachukua wiki nzima, na kila mtu nyumbani anapata sehemu yake, kuanzia mtoto wa miaka mitatu hadi bibi. Ila kuna mambo machache ya afya ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajafungua kopo la rangi au pakiti ya sindano.

Wanyama wasiopatikana mbugani

Kama unahitaji ushahidi kwamba twiga wa bluu si kosa, mtazame Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha na kufanya vibarua vya aina mbalimbali. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia mbao nyembamba za dari, nyingi zikiwa na ukubwa wa takriban sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli.

Wanyama wake hawakuwa wa picha za mbugani. Chui mmoja alijaza ubao mzima, macho yamemtoka, madoa yamepangwa kama shanga, na nyuma yake rangi moja tu. Ndege walikuwa na mikia mirefu kuliko miili. Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, jirani na maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni.

Waliojifunza kwake hawakwenda chuo. Wengi walikuwa ndugu na jamaa, waliokaa kando yake, wakatazama, wakapewa sehemu ndogo ya kupaka, kisha sehemu kubwa zaidi. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki baada ya miaka takriban minne tu ya uchoraji. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika unaobeba jina lake. Mtindo mzima wa sanaa uliopewa jina la Mtanzania ulinusurika kwa sababu kulikuwa na watu wa nyumbani waliokuwa wamekaa kando yake na kujifunza.

Mzazi anaweza kuiga namna hiyo ya kufundisha, na pia ukubwa wa ubao. Kitambaa cha sentimita 60 kwa 60 kinatosha mnyama mmoja mkubwa, na mtoto haoni uvivu kukimaliza. Jambo moja tu lisiigwe, nalo ni ile rangi.

Kabla ya yote, soma kopo

Rangi za mafuta za kupaka mageti, baiskeli na fenicha zimetengenezwa kwa ajili ya chuma na mbao. Kwa miongo mingi, rangi za aina hiyo sehemu nyingi duniani zimekuwa zikiongezewa madini ya risasi, hasa za njano, nyekundu na kijani, ili zikolee na zikauke upesi. Bado zipo zinazouzwa zikiwa na madini hayo, na huwezi kuyaona wala kuyanusa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto madhara ni makubwa zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua: risasi hupunguza uwezo wa kujifunza, umakini na utulivu wa tabia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi.

Mtoto hanywi rangi, lakini hulamba vidole, hutafuna ncha ya brashi na hushika mkate kwa mkono wenye rangi. Pambo likizeeka na rangi ikaanza kubanduka, vumbi lake huanguka sakafuni anapotambaa mdogo wake.

Kwa hiyo kopo lililobaki baada ya kupaka geti lisiletwe mezani. Tafuta rangi ya maji ya kupaka vitambaa, au rangi ya akriliki, yenye maelezo kwamba haina sumu na inafaa kwa watoto. Kopo lisilo na lebo, au rangi iliyopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, liache dukani. Chupa ya soda yenye rangi ni hatari nyingine kabisa, kwa sababu mtoto anajua chupa hiyo ni ya kunywa.

Pakeni rangi barazani au karibu na dirisha lililo wazi. Hakuna kula wakati wa kazi, na kila mtu ananawa kwa sabuni kabla ya chakula. Rangi ikimwingia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, kisha mpeleke kituo cha afya.

Kitambaa kipo kabatini

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba tupu, kwa sababu kinanywa rangi na kuvumilia pasi. Shuka jeupe lililochakaa katikati bado lina pembe nzuri. Ukitaka kununua, ulizia marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kilipata jina hilo katika karne ya 19, kilipokuwa kikiletwa pwani ya Afrika Mashariki na meli za wafanyabiashara kutoka Marekani.

Kata kipande cha sentimita 70 kwa 70, kikubwa kuliko pambo lenyewe, kwa sababu kushona kutakipunguza. Kifue kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na kama ni cha kunywea kinywee sasa, si baada ya mtoto kupaka rangi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, maana huzuia rangi kushika. Kikikauka, kipige pasi.

Kwa upande wa nyuma, kanga ya zamani haina mpinzani. Ukiweza, ikate ili jina lake, yaani yale maandishi, libaki linasomeka. Katikati weka blanketi jembamba la zamani, au pamba nyepesi ya polista inayouzwa na mafundi makochi. Sponji haifai, ni nene na hukatika.

Kuunganisha vipande si jambo geni kwetu. Historia ya kanga yenyewe inasimuliwa kwamba ilianza pale wanawake wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, walipochukua leso za mraba na kuzishona pamoja zikawa nguo moja. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakipelekwa utumwani. Wanawake wao hushona blanketi za viraka vya nguo kuukuu ziitwazo kawandi. Kwenye kila pembe huweka kipande kilichokunjwa kama ua, na blanketi lisilo na maua hayo huhesabiwa kuwa halijavaa nguo.

Kuchora na kupaka

Siku ya kwanza ni ya karatasi tu. Mpe mtoto karatasi kubwa, au unganisha karatasi nne kwa gundi, na umpe kanuni moja: mnyama aguse pande zote nne. Watoto wengi huchora kiumbe kidogo katikati, na kiumbe kidogo ni kigumu kupaka rangi na kigumu zaidi kushona.

Usimchoree. Akikwama, muulize maswali. Tembo huyu amekula nini leo? Kwa nini kuku amevaa viatu? Fisi huyu anamwogopa nani? Mtoto anayejibu huanza kuchora jibu lake bila kujua.

Siku ya pili, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, na mtoto afuatishe mistari kwa penseli. Kisha tandaza kitambaa mezani juu ya mfuko wa plastiki, kibane pembe kwa gundi ya karatasi, na anzeni kupaka.

Anzeni na rangi ya nyuma, ikauke. Kisha mwili wa mnyama, ukauke. Madoa, mistari na manyoya vije baadaye, na mstari mweusi wa kuzunguka umbo uwe wa mwisho. Haraka ya kuruka hatua ndiyo inayozaa matope ya kahawia na machozi. Kwa madoa ya duara, chovya nyuma ya penseli kwenye rangi na ugonge kitambaa. Hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kazi hiyo, au akatumia kidole chake, na chui akapata madoa yanayotofautiana kama ya chui wa kweli.

Rangi iwe nyepesi. Rangi nzito ikikauka hugeuka kama ngozi, sindano hupita kwa shida na huacha tundu. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Acheni kitambaa kikauke siku nzima. Kisha mtu mzima akigeuze na kukipiga pasi upande wa nyuma kwa dakika kadhaa, kwa joto lililoelezwa kwenye kopo. Joto ndilo linaloifanya rangi ishike, isitoke ikifuliwa.

Sindano zihesabiwe

Tandaza kanga sakafuni, uso wake ukiangalia chini. Weka blanketi au pamba juu yake, kisha mchoro juu kabisa. Kuanzia katikati kuelekea pembeni, piga bandi: mishono mirefu ya muda inayozuia tabaka zisihame. Ukianzia pembeni, hewa na mikunjo hukimbilia katikati na haitoki tena.

Sasa shona ukifuata mistari ya mchoro, hapo hapo kando ya rangi nyeusi. Mshono wa kwenda mbele wa kawaida unatosha. Uzi ukivutwa kidogo, kitambaa kinazama kwenye mshono na mwili wa mnyama unavimba. Ghafla twiga ana tumbo. Hapo ndipo watoto hupiga kelele ya furaha, na mzazi anaelewa kwa nini hakuishia kwenye rangi.

Usiache sehemu kubwa kuliko kiganja bila mshono, la sivyo pamba itajikusanya. Mwenye cherehani anaweza kuitumia kwa mshono mrefu, ila mishono ya mkono inayopanda na kushuka ina uzuri wake, hasa mtu akijua ni ya nani.

Kushika mkasi, brashi na sindano huzoeza misuli midogo ya vidole na ushirikiano wa jicho na mkono, vitu ambavyo mtoto anavihitaji kuandika, kufunga vifungo na kujihudumia. Lakini kila umri una kazi yake. Wa miaka mitatu hadi minne wagonge madoa. Wa miaka mitano hadi saba wachore, wapake na wachague rangi ya uzi. Kuanzia miaka minane, mtoto aliyetulia anaweza kushona kwa sindano nene yenye ncha butu, mtu mzima akiwa pembeni. Sindano kali isubiri hadi mikono yake iwe imezoea.

Weka kanuni ya mafundi: sindano na pini huhesabiwa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Zikiwa saba, ziwe saba. Hakuna anayenyanyuka mkekani kabla hesabu haijatimia. Zisishikwe kwa meno, kwa sababu mtoto huiga anachokiona.

Ikitokea mtoto amemeza sindano au pini, usimpe ugali, ndizi wala kitu kingine "kuisukuma", na usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja. Akichomwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, na hakikisha chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Sindano iliyokatikia mwilini itolewe na mtaalamu.

Vifungo vya shati hupendeza kama macho ya bundi, lakini nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu haifai kuwa na pambo lenye vifungo au shanga. Uzi hulegea, na kifungo kimoja kinatosha kuziba njia ya hewa. Pakeni macho kwa rangi.

Liwe la ukutani, si la kitanda cha mchanga

Kazi ikiisha, wazo la kwanza la wengi huwa kumfunika nalo mtoto mchanga. Pamoja na upendo wote uliomo, wazo hilo liachwe. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto, blanketi zito, midoli wala nguo yenye pamba karibu na uso wake. Hana nguvu wala ujuzi wa kuisukuma ikimfunika pua. Akihisi baridi, avalishwe nguo ya ziada.

Lisitundikwe juu ya chandarua pia. Chandarua kinahitaji hewa, na pambo linaweza kuanguka. Na kwa kuwa kitambaa na polista hushika moto upesi, liwe mbali na jiko, mshumaa na kibatari.

Mahali pake ni ukutani. Zungushia pembeni taraza ya upana wa vidole vitatu, ukiikata kwenye pindo la ile kanga. Nyuma, upande wa juu, shona mfereji wa kitambaa wa kupitishia fimbo, kisha funga kamba. Likipata vumbi, likung'ute nje. Likichafuka, lioshe kwa mkono kwenye maji ya baridi na sabuni kidogo.

Andika alichosema

Imebaki hatua moja ambayo wengi huisahau, na pengine ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 katika utumwa, jimbo la Georgia nchini Marekani. Baada ya uhuru alishona mifarishi yenye picha za watu, nyota na wanyama. Mmoja ulionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mwaka 1886, na mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akataka kuununua. Powers alikataa. Miaka kadhaa baadaye hali ya maisha ilipobana, aliuuza kwa dola 5. Inaelezwa kwamba alirudi mara kadhaa kuutazama tu. Leo umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na mwingine uko kwenye jumba la sanaa mjini Boston.

Kwenye huo wa pili yumo nguruwe jike aitwaye Betts, ambaye inasemekana alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Nani angejua jina la nguruwe huyo kwa kutazama kitambaa? Linajulikana kwa sababu kuna mtu aliyemsikiliza Powers akieleza picha zake moja baada ya nyingine, akayaandika maneno yake.

Fanya hivyo hivyo. Kabla ya kutundika, kaa na mtoto na umuulize mnyama wake anaitwa nani, anaishi wapi na anaogopa nini. Andika anavyosema yeye, bila kunyoosha sentensi zake, kwenye kipande cha kitambaa kwa kalamu isiyofutika. Ongeza jina lake, umri na tarehe, taja pia kanga ilikuwa ya nani, kisha kishone nyuma ya pambo.

Miaka kumi ijayo kanga ya bibi ingekuwa imeshakuwa dekio. Mtoto atakuwa anajua kwamba twiga si wa bluu, wala hatataka tena kulala kifudifudi kwenye mkeka. Lakini akimgeuza twiga wake ukutani atakuta sauti yake ya miaka sita, na atajua kwamba siku ile nyumbani kulikuwa na mtu aliyekaa chini kumsikiliza.